Je, Yampasa Tabibu Kunyamaza?

Wazee wetu walimjua yule mtu aliyeitwa bwana afya. Alifika kijijini kwa baiskeli, akazunguka nyumba hata nyumba, akakagua vyoo, akachungulia visima, akaamuru madimbwi yafukiwe na vichaka vifyekwe. Wengi hawakumpenda. Walinung'unika wakisema, "Sisi hatuumwi, huyu anatutafutia nini?" Hata hivyo wako watu wazima walio hai leo kwa sababu ya udhia wake, maana mbu asiyepata dimbwi hazai, na mtoto asiyeambukizwa homa hahitaji kwinini. Mtu yule hakumtibu mgonjwa hata mmoja, wala hakuna aliyesema kwamba kazi yake haikuwa ya utabibu.

Twaanza na mfano huo mdogo ili tulitazame jambo kubwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 60 sasa, madaktari wa nchi nyingi wamesimama hadharani kupinga silaha za nyuklia, na kuwaonya watu juu ya sumu zinazotiwa katika hewa, maji na udongo. Wako watu wema wanaoliuliza jambo hili kwa moyo safi: je, kazi ya daktari si kumwangalia mgonjwa aliyelala mbele yake? Nani amemweka kuwa mshauri wa wafalme juu ya vita na amani? Swali hilo lastahili jibu, na jibu lake halipatikani kwa maneno matupu. Yafaa kwanza tutazame mambo ambayo madaktari hao wenyewe waliyaona.

Waliyoyaona Hiroshima na Nagasaki

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 bomu moja liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, nchini Japani. Siku tatu baadaye, tarehe 9 Agosti, la pili liliangushwa Nagasaki. Kwa makisio yanayokubaliwa na wengi, hata mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 74,000 Nagasaki. Hesabu hizo zimetajwa mara nyingi hata masikio yamezizoea. Lakini iko hesabu nyingine, isiyotajwa sana, nayo ndiyo iliyowashtua matabibu wa dunia: katika mji wa Hiroshima, zaidi ya tisa katika kila kumi ya madaktari na wauguzi waliuawa au walijeruhiwa. Katika hospitali ya Msalaba Mwekundu, daktari kijana aitwaye Terufumi Sasaki ndiye peke yake kati ya madaktari wa pale aliyesalia bila jeraha. Hospitali ilikuwa na vitanda 600; majeruhi walioikimbilia walikuwa kama 10,000.

Nje kidogo ya mji, mahali paitwapo Nagatsuka, palikuwa na nyumba ya wanovisi wa Shirika la Yesu. Mkuu wake alikuwa Padre Pedro Arrupe, ambaye alisomea utabibu kwao Hispania kabla ya kuingia utawani, na ambaye mwaka 1965 alichaguliwa kuwa Mkuu wa Shirika lake lote. Padre huyo aliigeuza nyumba kuwa hospitali, wakapokewa majeruhi kama 150, naye akawatibu kwa asidi ya boriki na vitambaa vya mashuka. Wengi wao waliokoka. Lakini katika siku zilizofuata, mjini kote, waganga walikutana na jambo wasilolijua. Watu wasio na jeraha lolote walianza kunyonyoka nywele, kutoka damu katika ufizi, kisha kufa. Mionzi isiyoonekana kwa macho ilikuwa imeharibu damu yao kutoka ndani.

Nagasaki nako alikuwako Daktari Takashi Nagai, Mkatoliki, mtaalamu wa mionzi katika chuo cha utabibu cha mji ule. Miaka mingi ya kuwapima watu kifua kikuu kwa eksirei ilikuwa imempa kansa ya damu, naye alilijua hilo miezi miwili kabla ya bomu. Bomu lilipolipuka juu ya mtaa wa Urakami, uliokuwa kitovu cha Wakatoliki wa Japani, alijeruhiwa vibaya, akazidi kuwahudumia majeruhi hata nguvu zikamwishia. Alipofika nyumbani kwake alikuta majivu, na katika majivu mifupa ya mkewe pamoja na rozari yake. Katika Wakatoliki kama 12,000 wa Urakami, wapatao 8,500 walikufa. Nagai hakulala akangoja kifo chake. Yeye na wenzake waliandika taarifa ya kitabibu juu ya ugonjwa waliouona. Kisha, akiwa mgonjwa wa kitandani katika kibanda kidogo, aliandika vitabu ambavyo nchi nzima ilivisoma, kimojawapo kikiwa Kengele za Nagasaki. Alifariki tarehe 1 Mei 1951, akiwa na umri wa miaka 43, huku akiwasihi watu watunze amani.

Twaweza kusema kwamba Nagai aliacha utabibu siku alipoanza kuandika? Hata kidogo. Alikuwa ameujua ugonjwa ambao chuo chake hakikuwa na dawa yake. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Daktari akikosa dawa ya ugonjwa, wajibu wake haukomi. Unahama kutoka kitandani mwa mgonjwa, unakwenda mpaka kwenye chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1962 madaktari wa Boston, nchini Marekani, waliokuwa wameunda chama mwaka uliotangulia, waliandika katika gazeti kubwa la utabibu la nchi yao hesabu ya mambo yatakayoupata mji wao ukipigwa kwa silaha za nyuklia. Walihesabu vitanda, damu ya kuongezea, na waganga watakaosalia. Wakaona kwamba hakuna matayarisho yatakayotosha. Shirika la Afya Duniani lilipoliagiza kundi la wataalamu kulichunguza jambo hilo, taarifa yao ya miaka ya 1983 na 1984 ilifika pale pale: dawa ya vita vya nyuklia ni moja tu, nayo ni kuvizuia visitokee.

Jino la mtoto

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya vita, na vita havijaja. Lakini silaha hizi zimedhuru watu hata pasipo vita. Kati ya mwaka 1945 na 1963 mataifa makubwa yalizijaribu mara mamia katika anga, na vumbi lake lilichukuliwa na upepo likaizunguka dunia. Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na kitu kiitwacho strontiamu 90. Hushuka na mvua, huingia katika majani, ng'ombe hula majani, mtoto hunywa maziwa, na mwili wa mtoto hukipokea kana kwamba ni chokaa ya kujengea mifupa. Kikiisha kuingia hukaa humo, kwa maana nguvu yake hupungua nusu tu kwa muda wa miaka kama 29.

Mtu mmoja aliyeonya mapema alikuwa daktari wa Afrika, Albert Schweitzer, aliyewatibu wagonjwa huko Lambaréné, Gabon. Mwezi wa Aprili 1957 maneno yake yalisomwa katika redio ya Oslo, yakatangazwa katika nchi nyingi, akitaka majaribio yakomeshwe kwa ajili ya watoto waliozaliwa na watakaozaliwa. Mwaka uliofuata, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, daktari mwanamke, Louise Reiss, pamoja na wenzake walianza kukusanya meno ya utoto. Kwetu mtoto hulitupa jino lake juu ya paa na kuomba apewe jipya. Watoto wa St. Louis walilituma kwa waganga wapimaji. Kwa miaka kama 12 yalikusanywa meno 300,000 hivi. Vipimo vilionyesha wazi kwamba kadiri majaribio yalivyozidi, ndivyo strontiamu ilivyozidi katika meno ya watoto waliozaliwa miaka hiyo. Mama wa St. Louis hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, wala mtoto wake hakuwa askari. Hata hivyo silaha ilikuwa kinywani mwake.

Tarehe 5 Agosti 1963, huko Moscow, Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovyeti zilitia sahihi mkataba wa kuacha majaribio katika anga, baharini na juu ya anga. Hatusemi kwamba meno peke yake yalileta mkataba. Twasema kwamba ukweli uliopimwa na kutajwa kwa sauti ulikuwa na sehemu yake.

Mashaka matatu

Sasa tuyapime mashaka ya wale wanaowataka madaktari wanyamaze.

Shaka la kwanza ni kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, tena ya mbali. Sisi watu wa Afrika twaijua methali ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, na watu ambao hawakuambiwa kwamba ni ya nini. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, karibu na Reggane, na hata mwaka 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika ardhi ya Algeria. Nyasi basi zina haki ya kusema. Na kwa kweli zimesema: mkataba wa Pelindaba, uliolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kuwa sheria mwaka 2009.

Shaka la pili ni zito zaidi. Wako wasemao kwamba silaha hizi ndizo zilizozuia vita kuu ya tatu, na daktari akizipinga anaweza kuiharibu amani kwa nia njema. Hatuwezi kulipuuza neno hili, maana hakuna mtu awezaye kuthibitisha mambo ambayo yangetokea na hayakutokea. Lakini tazameni amani hiyo imesimama juu ya nini. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Urusi ya Kisovyeti ilitoa habari kwamba makombora ya Marekani yalikuwa njiani. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua moyoni mwake kwamba mitambo imekosea, naye alisema kweli. Usiku ule dunia ililala kwa sababu mtu mmoja hakufanya haraka. Tena, amani inayosimama juu ya nia ya kuchoma miji pamoja na watoto wake ina doa katika mzizi wake. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulihukumu kwamba tendo la vita la kuangamiza miji mizima pamoja na watu wake ni kosa dhidi ya Mungu na dhidi ya mwanadamu mwenyewe. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, akiwa Hiroshima tarehe 24 Novemba 2019, alitamka kwamba kuzitumia silaha hizi ni uovu, na kuzimiliki ni uovu vile vile.

Shaka la tatu lawahusu madaktari wenyewe: kwamba wanaweza kutumiwa na serikali zao. Mwezi wa Desemba 1980, huko Geneva, Bernard Lown wa Marekani na Yevgeny Chazov wa Urusi ya Kisovyeti, wote wawili waganga wa moyo, pamoja na wenzao, waliunda umoja wa madaktari wa kimataifa wa kuzuia vita vya nyuklia. Mwaka 1985 umoja huo ulipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ndipo kukazuka lawama kubwa, kwa kuwa mwaka 1973 Chazov alikuwa ametia sahihi barua ya kumshutumu Andrei Sakharov, mwanasayansi aliyetetea haki za watu katika nchi ile. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Daktari anayelaani bomu la jirani na kunyamaza juu ya ubaya wa nyumbani kwake anaitia doa kanzu yake nyeupe.

Lakini angalieni pia jambo lililotokea Oslo, katika siku zile zile za tuzo. Waandishi wa habari walipokuwa wakiwauliza Lown na Chazov maswali makali, mwandishi mmoja kutoka Urusi alianguka, moyo wake umesimama. Wale waganga wawili waliacha viti vyao, wakapiga magoti, wakaubana kifua chake hata moyo ukarudia kupiga. Hakuna aliyeuliza mtu yule ni wa upande gani. Kosa la Chazov lilibaki kuwa kosa, na ukweli aliousema juu ya moto wa nyuklia ulibaki kuwa ukweli, maana ngozi huungua kwa namna moja katika kila taifa.

Mpaka wa kazi ya daktari

Hata hivyo mpaka upo. Shirika la Afya Duniani liliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki iseme kama matumizi ya silaha hizi ni halali. Tarehe 8 Julai 1996 mahakama, kwa kura 11 dhidi ya 3, ilikataa kulijibu shirika hilo, ikisema kwamba kazi yake ni kushughulikia madhara ya afya, na kwamba uhalali wa silaha ni neno lililo nje ya kazi hiyo. Siku ile ile mahakama ililijibu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwamba, kwa jumla, kutumia silaha hizi au kutishia kuzitumia ni kinyume cha sheria za vita. Ila haikuweza kukata shauri juu ya taifa lililo katika hatari ya kufutika kabisa.

Wengine waliona kwamba waganga wamefukuzwa barazani. Sisi twaona kwamba wameonyeshwa mahali pao. Daktari ni shahidi. Shahidi hakai katika kiti cha hakimu, lakini hakuna hukumu ya haki pasipo yeye. Na shahidi aliyeona kisha akanyamaza amekosa hata kama hakuulizwa. Daktari aseme yale anayoyajua kwa elimu yake, ayaseme sawasawa kwa rafiki na kwa adui, wala asiongeze chumvi. Hayo yakitimizwa hakuna awezaye kumwambia kwamba ameingia mambo yasiyo yake.

Kanuni hii haiishii kwenye mabomu. Mwaka 1979 daktari wa watoto wa Marekani, Herbert Needleman, alipima madini ya risasi katika meno ya utoto, akaonyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi walipungukiwa akili na usikivu darasani, ingawa hawakuonekana wagonjwa. Risasi hiyo ilitoka katika rangi za nyumba, katika vumbi, na katika moshi wa petroli. Alipingwa, akashtakiwa kwamba amepotosha utafiti wake, akachunguzwa, asionekane kuwa mdanganyifu. Petroli ya magari yenye risasi iliuzwa kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2021, huko Algeria. Nasi tutazame jikoni mwetu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wengi wao wakiwa wale wanaopikia kuni, mkaa na mafuta ya taa. Daktari anayempa mtoto dawa ya nimonia, kisha akamrudisha kwenye mafiga katika chumba kisicho na dirisha, bila kumwambia mama neno, ametibu nusu tu.

Neno kwetu sisi

Kazi ya madaktari haijaisha. Kampeni waliyoianzisha Melbourne mwaka 2007 ilisaidia kuzaliwa mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, uliopitishwa na mataifa 122 tarehe 7 Julai 2017, na kuanza kuwa sheria tarehe 22 Januari 2021. Lakini mataifa 9 yenye silaha hizo hayakuingia hata moja, na kwa hesabu ya mwaka 2025 yalikuwa na vichwa vya makombora zaidi ya 12,000. Mwezi wa Agosti 2023 magazeti ya utabibu zaidi ya 100 yalichapisha onyo moja kwa pamoja, kwamba hatari inazidi kukua.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, aeleza habari za mlinzi wa mji. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige baragumu, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Mara nyingi neno hilo husomwa kwa ajili ya walinzi, yaani mapadre, walimu, wazazi na viongozi, nasi twakubali kwamba lawahusu pia matabibu. Lakini nabii hakuishia hapo. Asema tena kwamba mtu akiisikia sauti ya baragumu asijali, damu yake itakuwa juu ya kichwa chake mwenyewe.

Basi, wasomaji wapenzi, baragumu imepigwa. Tuwafundishe watoto wetu shuleni na nyumbani mambo yaliyotokea Hiroshima na Nagasaki. Tuwaulize wanaoomba kura zetu watafanya nini juu ya hewa, maji na madini ya nchi yetu. Na siku ile daktari wa wilaya, au muuguzi wa zahanati, atakapokuja kutuambia jambo tusilopenda kulisikia juu ya kisima chetu au jiko letu, tusimwulize nani amemtuma. Tumpe kiti, tumsikilize mpaka mwisho.